Mti wenye magurudumu

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, baba. Ile sauti uliyonitumia usiku wa manane nimeisikiliza mara mbili. Mimi sijambo, ila magoti tu, mvua ikinyesha. Siku tatu nimewaza nikujibu nini juu ya huyo mkubwa wako aliyechukua ripoti uliyoihangaikia akaipachika jina lake. Jibu sina bado. Ngoja nikupe habari za ninachotazama.

Mtoto wa dada yako amenifundisha kutafuta tamthilia za zamani kwenye simu. Kwa kuwa wewe uko Nottingham, nikamwambia, nitafutie Robin Hood, yule mwasi wa hadithi za Kiingereza anayejificha msitu wa huko kwenu, akiwapora matajiri na kuwapa maskini. Ikaja ile ya Waingereza ya mwaka 1955, nyeusi na nyeupe. Richard Greene kashika upinde, nywele zimelala kwa mafuta, utadhani anakwenda harusini, kumbe analala porini! Ziko sehemu 143, na mimi nimeshamaliza thelathini na ushei. Usinicheke.

Unajua kazi yangu ilikuwa kupiga chapa, jicho langu halipitwi na kitu kidogo. Nikaanza kuona mwaloni mmoja, shina nene, lina tundu. Leo Robin kajibanza nyuma yake, kesho Sherifu, yule mkuu wa serikali anayemwinda, anaupita kwa farasi, keshokutwa uko kijiji kingine kabisa. Nikamwambia mjukuu wangu, mti huu unatembea. Tukasoma, na kweli unatembea! Walikuwa wanapiga picha studio ya Walton-on-Thames, huko kusini, mbali na msitu wenu wa Sherwood, na kila sehemu ilitakiwa iishe kwa siku chache. Mpanga mandhari, Peter Proud, akaviwekea magurudumu miti, kuta na ngazi, vikawa vinasukumwa kama mkokoteni wa maji.

Huo mti ndio ulionifanya niendelee kusoma, nikafika kwa waandishi. Majina yao unayoyaona kwenye kioo mengi ni ya bandia. Hannah Weinstein, mama Mmarekani aliyeianzisha tamthilia hii, aliwapa kazi watu ambao kwao Hollywood walipigwa marufuku kwa kuitwa wakomunisti. Mmoja ni Ring Lardner Jr., mtu aliyekwisha pata Oscar, ile tuzo kubwa ya filamu. Mwaka 1947 kamati ya Bunge la Marekani ilimuuliza kama ni mkomunisti. Akawaambia anaweza kulijibu swali lao, lakini asubuhi yake atajichukia. Wakamfunga. Na sikiliza hili: gereza alilopelekwa, Danbury, alimkuta mwenyekiti wa kamati ile ile, J. Parnell Thomas, naye kafungwa kwa kula pesa za serikali. Sherifu na mwasi, jela moja!

Alipotoka, Lardner akashirikiana na Ian McLellan Hunter kumwandikia Weinstein visa vya Robin Hood. Huyu Hunter ndiye aliyenigusa. Zamani alimkopesha jina lake rafiki yake Dalton Trumbo, aliyekuwa kwenye marufuku, na hadithi ya Trumbo ikapata Oscar kwa jina la Hunter. Baadaye marufuku ikamkumba Hunter mwenyewe, mkopeshaji akawa naye anatafuta jina la kujifichia. Oscar ile Trumbo alikuja kupewa mwaka 1993, na aliyeipokea ni mjane wake.

Kwa hiyo sasa mwanakijiji akibanwa na askari wa Sherifu amtaje mwenzake, mimi naacha kumenya muhogo. Aliyeandika maneno yale alikuwa ameyaona kwa macho yake.

Sijawahi kukwambia, kile kijitabu cha afya ya watoto kilichokuwa kabatini, karibu nusu yake niliitunga mimi. Mswada ulioletwa ofisini ulikuwa hausomeki, nikawa napiga chapa huku natengeneza. Kilipotoka, jina langu halikuwemo hata kwenye shukrani. Baba yako alisema niache, ni karatasi tu. Nikaacha. Lakini nakala za kaboni ninazo, zimo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na mara moja moja nazitoa nikazisoma. Yule bwana hata koma zangu hakubadilisha.

Usinielewe kwamba nakwambia unyamaze kama mimi. Weinstein hakunyamaza, aliwalipa watu wake. Nitumie rasimu yako ya kwanza, ile yenye tarehe, kabla kompyuta ya ofisi haijaimeza. Nitaichapisha pale steshenari, niiweke sandukuni pamoja na zangu. Halafu ukiwa tayari kwenda kuongea na huyo mkubwa wako, unipigie kwanza.

Na siku ukiwa huna zamu, panda basi uende Edwinstowe ukanitazamie ule mwaloni mkubwa wa Sherwood. Wanasema matawi yake yameegemezwa kwa nguzo, mzee kama mimi. Nipigie picha ya chini, kwenye shina, nihakikishe huo hauna magurudumu.

Mama yako