KUH: Mtambo wenu wa maji taka Shela unanuka na paswadi mmekaa nayo nyie

Kwa meneja wa huduma,

Assalaam aleikum. Naandika kuhusu ule mtambo mdogo wa tangi moja mliotufungia hapa kwenye gesti yetu Shela. Nshapiga simu, nshatuma vidio wasap, jibu ni lilelile tu, "subirini bakteria wazoee". Bakteria wazoee nini tena? Hii shida ni ya taima yenu.

Fundi wenu siku ya kufunga alinieleza vizuri, hapo sina neno. Tangi ni moja ila kazi zinapokezana humo humo: maji yanaingia, bloa inapuliza hewa bakteria wapate oksijeni wale uchafu, kisha bloa inazima, tope linashuka, maji safi yanabaki juu, pampu inayatoa yale ya juu tu halafu mzunguko unaanza upya, wetu mmeuweka wa saa 8. Tangi la pili la kutulizia halihitajiki, ndo maana ukaingia kwenye kiwanja chetu kilichobanana. Sawa. Lakini mtambo wa hivi umekaa juu ya saa, saa ikivurugika kila kitu kimevurugika.

Na stima ya huku mnaijua. Ikikatika ikarudi, boksi lenu la taima halikumbuki lilifika wapi, linaanzia linapotaka, kuna wakati nimesimama pale bloa inapuliza na pampu inatoa maji saa hiyohiyo, yani tope lote limetibuliwa na linatoka nalo nje, na hilo tope ndilo lenye bakteria wenyewe, sasa mtambo ukiwatupa wafanyakazi wake kila stima ikizima nani atabaki kufanya kazi? Ikizima usiku kucha ndo balaa, hewa hakuna, asubuhi ni harufu ya mayai viza mpaka darini wanakonywea chai wageni.

Kabla hamjaniambia tena habari za bakteria: nilichota maji ya tangi bloa ikiwa inapuliza, nikatia kwenye jagi la lita moja la kuonekana ndani, nikaliacha dakika 30. Tope likashuka vizuri, juu maji yako safi kabisa, picha mnayo. Nikaliacha jagi palepale masaa, tope likaanza kupanda juu na vipovu. Hiyo ni gesi ya naitrojeni, tope likikaa muda mrefu bila hewa bakteria wanaivunja ile naitreti iliyomo majini, na gesi inalibeba tope juu, ndo hilo pampu yenu inalichota. Kwa hivyo bakteria wazima, muda wa kutulia ndo mrefu mno, punguzeni. Ningepunguza mwenyewe leo hii lakini boksi lina paswadi na paswadi anayo fundi wenu, na fundi yuko Mombasa.

Jambo la pili ni tope la ziada. Bakteria wanazaliana, lazima tope lipunguzwe kila baada ya muda la sivyo linajaa. Mkataba wenu unasema "mteja ataita eksosta", yani lile lori la kunyonya maji taka. Eksosta Shela! Ipite wapi, kwenye vichochoro vya punda? Mlikuja kupima kwa mashua, mliona wenyewe hakuna barabara, mkaandika hivyo hivyo.

Na msione ni kelele za harufu tu. Maji matamu ya kisiwa hiki yanakaa chini ya michanga ya hapa hapa Shela. Kanuni za ubora wa maji za 2006 ziliweka BOD, yani kipimo cha oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kula uchafu uliobaki majini, ya maji yanayoachwa nje isizidi miligramu 30 kwa lita, na nyie ndo mlitutajia namba hiyo mkituuzia, basi leteni kipimo cha maabara tuione.

Tunachotaka: paswadi, wiki hii, hata kwa wasap. Betri ya boksi ili likumbuke mzunguko, na lipangwe ili pampu isitoe maji bloa ikiwa inapuliza. Na mpango wa tope ulioandikwa, linatoka vipi, linavushwa na nani, gharama ya nani. Wakati wa Maulidi nyumba inajaa, baadae inakaa tupu, kwa hivyo tuwekeeni na programu ya siku za wageni wachache, bakteria wasife njaa.

Malipo yaliyobaki hatutoi mpaka hayo yafanyike. Fundi akija asihangaike na pa kulala, chumba cha ubavuni mwa tangi kiko wazi, hakuna mgeni anayekitaka.

Msimamizi wa gesti,
Shela, Lamu