Kwa binti yangu, kuhusu ile sindano

Mwanangu,

Nilipokuwa nasaini fomu ya ridhaa ya chanjo yako ya HPV uliniuliza, "Baba, kwa nini mimi, na mimi bado mtoto?" Nilikujibu juujuu kwa sababu wadogo zako walikuwa wametega masikio. Sasa nakujibu sawasawa.

HPV ni kirusi kinachoenea hasa kwa kujamiiana. Watu wazima walio wengi hukipata wakati fulani maishani, na kwa kawaida mwili hukimaliza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari ni pale kinapong'ang'ania. Aina mbili tu, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Saratani hiyo hujijenga kwa miaka mingi bila maumivu yoyote, ndiyo maana wanawake wengi hushtuka wakishaanza kutokwa na damu isiyo ya hedhi. Mwaka 2022 iliua wanawake wapatao 350,000 duniani.

Chanjo hii haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia, inazuia tu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri ianze na wasichana wa miaka 9 hadi 14, kabla hawajakutana na kirusi, na umri huo ndio mwili unapojenga kinga kwa nguvu zaidi. Utoto wako ndio hasa sababu, mwanangu. Sikusaini kwa kukushuku.

Utasikia mengine. Kwenye mkutano wa wazazi, mama aliyekaa nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake kwamba inafunga kizazi. Sikumdharau, maana anayehofia kizazi cha mwanawe anampenda. Lakini ndani ya ile chupa ndogo hamna kirusi hai. Kuna chembe za protini zilizotengenezwa zifanane na ganda la kirusi, tupu ndani, zisizoweza kumwambukiza mtu. Chanjo hii ilianza kutumika mwaka 2006, mamilioni kwa mamilioni ya wasichana wamechanjwa, na wataalamu waliofuatilia usalama wake hawajaona kwamba inaleta ugumba. Kinachoondoa uzazi ni saratani yenyewe, kwa sababu mara nyingi kuitibu ni kutoa mfuko wa uzazi.

Baba mmoja alisema tunawafungulia watoto mlango wa uhuni. Hilo nalo limechunguzwa: wasichana waliochanjwa hawakuonekana kuanza ngono mapema kuliko wenzao. Malezi yako ni kazi yangu na ya mama yako, na tunaendelea nayo.

Hofu ya wazazi ina gharama. Japani, mwaka 2013, habari za madhara zilipovuma, serikali iliacha kuihimiza chanjo hii. Uchanjaji ukaporomoka kutoka karibu asilimia 70 hadi chini ya asilimia 1, na serikali haikurudi kuihimiza hadi mwaka 2022. Wasichana wa miaka hiyo yote ni wanawake sasa. Uskoti waliendelea, na utafiti uliotolewa mwaka 2024 haukukuta hata mgonjwa mmoja wa saratani hii miongoni mwa waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13. Niliposoma hilo niliitafuta kalamu.

Siku yenyewe usiende na njaa. Vaa blauzi ya mikono inayokunjika hadi begani. Mchomo ni wa sekunde chache, ila mkono unaweza kuuma na kuvimba kidogo kwa siku moja au mbili, na homa ndogo si ajabu. Ukishachomwa, kaa kitini dakika 15 hata kama wenzako wanakimbilia nje, kwa kuwa wapo wanaozimia baada ya sindano. Ukisikia kizunguzungu, mwambie muuguzi palepale.

Kadi ya chanjo niletee mimi niitunze. Ukiwa mtu mzima bado utahitaji kupimwa mlango wa kizazi, kwa sababu chanjo haizuii aina zote za kirusi. Na ukiwa na swali lingine lolote, hata lile unaloona gumu kumuuliza baba, niulize, au muulize mama yako. Tumeshazungumza naye, analisubiri.

Baba yako