Kabla mtuambie turudie nepi za taulo, tuulizeni maji tunanunua pesa ngapi

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu nepi, juu hii stori ya kwamba mama wa siku hizi ni mvivu ndio maana anapenda daipa nimeisikia mpaka nimechoka. Nimeisikia kwa foleni ya kliniki, nimeisikia kwa matatu, na hata shangazi yangu kule Murang'a ananiambia yeye alilea watoto watano na dazeni mbili za nepi na karai moja. Mi mwenyewe natumia nepi za kitambaa, mtoto wangu sai ana miezi 11, na nazipenda, kwa hivyo siandiki kuzipinga. Naandika juu nataka hesabu ipigwe yote.

Nianze na daipa zenyewe. Mtoto mchanga anabadilishwa mara nane kwa siku, wengine hadi kumi na mbili. Pakiti ya daipa 50 mi nilikuwa nainunua 950, yaani moja ni shilingi 19, nane kwa siku ni 152, kwa mwezi ni 4,560. Hiyo ni kama uko na 950 mkononi. Kama huna, unaenda kioski unanunua moja moja kwa 25 na mwezi ukiisha umetumia 6,000, so yule hana ndiye analipa zaidi. Hii naiona hapa kwa ploti yetu Pipeline karibu kila usiku, saa tatu unasikia mtoto wa jirani anatumwa dukani daipa moja na maziwa ya thelathini. Na wengine, na siwalaumu hata kidogo, wanamwachia mtoto daipa moja tangu asubuhi hadi jioni ndio ile ya usiku ipatikane, halafu mtoto anachubuka na hizo pesa zinaenda kwa dawa.

Sasa nepi. Nilienda Gikomba nikiwa na mimba ya miezi saba nikachagua taulo kubwa sita za mtumba, 150 kila moja, zile nyembamba zimezeeka kidogo juu taulo ikioshwa sana ndio inanyonya vizuri, ile mpya kabisa maji yanateleza tu juu yake mpaka uioshe mara kadhaa. Kila taulo nikakata vipande vinne, fundi akanikunjia pindo kwa shilingi kumi kila kipande. Hizo ni nepi 24 kwa 1,140. Chupi za plastiki za kuvalisha juu nikachukua sita za 80. Halafu nikanunua nne za zile nepi za kisasa za vifungo, zenye kamfuko unaingiza kitambaa ndani, 550 kila moja, hizo ni za kutoka nazo. Ndoo ya kifuniko 350, pini 50. Jumla yote 4,220. Yaani vitu vyote hivyo, ambavyo bado natumia mpaka leo, ni chini ya daipa za mwezi mmoja. Hapa ndipo wenye kutushauri huwa wanaachia hesabu, wanakuambia unaona sasa.

Lakini nepi kumi za siku moja zinataka maji. Kusuuza kwanza uondoe mkojo na choo, kufua na sabuni, kusuuza mara mbili. Mi nilipima na mitungi ya lita 20, ikawa mitungi mitatu kila siku. Hapa kwetu maji ya mfereji yanakuja kwa mgao, kuna wiki yanakuja siku mbili na kuna wiki hayaji kabisa, so tunangojea mkokoteni. Mtungi ukiwa 20 hiyo ni 60 kwa siku, 1,800 kwa mwezi, bado niko sawa. Kiangazi ikikaza mtungi unafika 50, na mitatu kwa 50 ni 150 kwa siku, mwezi ni 4,500. Rudi juu uangalie daipa za pakiti ni ngapi. 4,560. Na hapo sijanunua sabuni, sijalipa mama fua, na mgongo wangu sijauweka kwa hesabu, mimi nilijifungua kwa upasuaji na mwezi wa kwanza singeweza hata kuinua karai.

Shangazi yangu alikuwa anachota mtoni bure. Hiyo ndio tofauti yetu, si uvivu.

Nilijifunza kupunguza. Maji ya suuza ya mwisho huwa bado ni safi, nayaweka kwa ndoo ndio yawe maji ya kusuuzia kwanza kesho yake, na yale machafu kabisa yanaenda kuflashi choo, nikashuka hadi mitungi miwili. Usiku namvalisha daipa moja alale mpaka asubuhi, 570 kwa mwezi, na sioni haya kusema hivyo juu kuna watu wanafikiri ukianza nepi lazima uwe wa nepi tu. Sabuni 300. Wakati mtungi uko 20 mwezi unaniishia na 2,070 badala ya 4,560, na hiyo 2,490 yenye inabaki ni karibu nusu ya kodi ya nyumba yangu. Ndio maana nazitetea.

Kuna kitu sikuambiwa na mtu na ningetaka kila mama mpya akijue. Mtoto akiwa na miezi miwili alitoka upele mwekundu mpaka mapajani, na mimi nilikuwa nafua kwa bidii, sabuni nyingi ya unga, halafu ile ya kulainisha nguo ndio zinukie. Nikamkimbiza kliniki. Muuguzi hakuangalia mtoto kwanza, aliniuliza iko wapi nepi yenye umefua, nikamtolea moja kwa begi, kavu, inanukia. Akaitumbukiza kwa beseni la maji safi, akaifinya polepole, na povu likatoka. Akaifinya tena, povu tena. Akaniambia hii ndio mtoto amekuwa akivaa, akikojoa hiyo sabuni inarudi kwa ngozi. Nilisikia vibaya sana, lakini nashukuru hakunikemea. Tangu siku hiyo natumia sabuni kidogo, nasuuza mpaka maji yatoke bila povu, ya kulainisha nilitupa maana pia inafanya kitambaa kikatae kunyonya, na mafuta mazito ya kumpaka naweka kidogo sana na kitambaa chepesi katikati ndio yasishike kwa nepi. Zile za vifungo pia usizichemshe, plastiki yake inaachana na kitambaa, na jiki kila siku inakula lastiki. Za taulo chemsha tu, zinavumilia. Choo cha mtoto wa kunyonya kinatoka na maji peke yake, shida inaanza akianza chakula, hapo unakung'utia chooni kwanza kabla hujagusa ndoo.

Kukausha sasa. Taulo ikiwa imeshonwa tabaka nyingi pamoja, mwezi wa saba hapa Nairobi na hilo wingu haikauki siku mbili, lakini kipande kimoja bapa chenye unakunja mwenyewe kinakauka haraka, hiyo ndio sababu nilikata za bapa. Jua pia linatoa madoa bila dawa yoyote, unaanika ikiwa na doa la njano jioni unaanua imekuwa nyeupe. Lakini jua gani? Fleti zetu ziko ghorofa nane zimekaribiana, kwa korido yetu ya ghorofa ya tatu taa inawaka saa sita mchana. Jua liko juu kwa paa, na paa lina kufuli, na ufunguo uko kwa keateka, na keateka anasema landilodi hataki watu huko. Wiki mbili Julai nilikuwa napiga nepi pasi usiku ndio zikauke, tokeni ya stima ya wiki ikawa inaisha siku tatu.

Nimesoma kwamba Uingereza walitoa ripoti ya serikali mwaka wa 2008 wakilinganisha nepi na daipa kwa mtoto wa miaka miwili na nusu, wakapata kwa kuchafua hewa zinakaribiana sana, kilo 570 za hewa ya kaboni kwa nepi na 550 kwa daipa, juu wao wanafulia mashine na wengine wanakausha kwa mashine. Kwa ripoti hiyo nepi zilishinda tu ukianika kwa kamba, ukajaza mashine vizuri, na mtoto wa pili akazitumia, hapo zinashuka karibu kilo 200. Sisi hapa tunafua na mikono, nepi za mtoto mmoja zinaenda kwa mwingine bila hata kuulizwa, kilichobaki ni kamba tu, na hata hiyo kamba tunanyimwa.

Kitu kingine ni deikea. Sheria ya ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu na mshahara, mimi nilipewa na nikarudi kazini. Deikea ya kwanza nilipompeleka waliniambia wazi, hapa ni daipa nne kila siku, nepi hatutaki. Nne kwa siku 26 ni 1,976. Pesa nyingi ya ile nilikuwa naokoa ikawa imerudi kwa daipa. Nilikasirika, halafu nikaangalia, mwanamke mmoja na watoto kumi na watatu na mitungi miwili ya maji kwa kona, angefua nini. Nilihamisha mtoto kwa mama mwingine karibu, tukaelewana naleta zile za vifungo zikiwa tayari zimejazwa, anavalisha kama daipa, chafu anafunga kwa mfuko wa zipu natoka nazo jioni mimi mwenyewe. Namwongezea 20 kwa siku. Deikea nyingi zingekubali hii kama zingeonyeshwa, sidhani wanakataa kwa ubaya.

Na mnakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na ushuru wa mazingira wenye ungegusa daipa, kabla Rais akatae kuutia sahihi tarehe 26 Juni baada ya vijana kuandamana. Mi naelewa taka ni shida kubwa, daipa naziona zimejaa kando ya mto Ngong na najua zingine zinaishia jalala la Dandora, mifuko ya plastiki tuliiacha 2017 na tukazoea. Lakini mfuko wa plastiki uliondolewa wakati kiondo kiko. Ukimpandishia mama daipa na mfereji wake ni mkavu, umemwachia nini? Atanunua hiyo hiyo, ama ataiacha kwa mtoto siku nzima. Ushuru ukirudi siku moja, naomba hao wenye kuuandika waanze na bomba zetu.

Mwezi ujao jirani yangu wa ghorofa ya tano anajifungua, na mtoto wangu sai anatumia nepi tano tu kwa siku, so nimemtengea kumi na nne zenye bado ziko imara, Jumapili nitazichemsha. Ameniuliza ataanikia wapi. Landilodi wetu anasoma gazeti hili, namwona nalo Jumamosi akija kuchukua kodi, kwa hivyo namwomba hapa kwa heshima: mzee, tufungulie paa kutoka saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni, kamba tutanunua wenyewe na watoto hatutapanda nao.

Mama wa mtoto wa miezi 11,
Pipeline, Embakasi, Nairobi