Barua kwa Baba kuhusu nahodha Janeway

Glasgow, Uskoti
7 Desemba 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta u mzima wa afya, pamoja na Mama na wote waliopo hapo nyumbani Kirumba. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Baridi imeanza kuuma na jua linazama kabla ya saa kumi alasiri, lakini lile koti ulilosisitiza ninunue nimelinunua, na linanifaa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu jambo lenyewe haliwezi kuenea kwenye simu. Jumapili iliyopita uliniuliza ni nani huyo nahodha mwanamke ambaye Zawadi amekuambia kwamba namtaja kila siku, na anaendesha meli gani. Nikawahi kusema tu kwamba meli yake haipiti majini, mtandao ukakatika. Nisingependa swali lako liishie pale, maana katika watu wote ninaowafahamu, wewe ndiye ninayetaka umjue nahodha huyu, kwa kuwa umeshika usukani miaka mingi na hukubali kumwita mtu nahodha kwa kofia yake tu.

Anaitwa Kathryn Janeway. Ni mhusika wa tamthilia ya Kimarekani iitwayo Star Trek: Voyager, iliyoanza kuonyeshwa Januari 1995 na kumalizika Mei 2001 baada ya misimu 7, na mwigizaji wake ni Kate Mulgrew. Tamthilia za ukoo huo zilizomtangulia ziliongozwa na wanaume. Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha nahodha akiwa mhusika mkuu. Meli yake, Voyager, husafiri angani baina ya nyota, ikiwa na watu wapatao 150. Katika kisa cha kwanza kabisa inanyakuliwa na mtambo wa kiumbe mmoja wa kale na kutupwa upande mwingine wa galaksi, umbali wa miaka ya nuru 70,000 kutoka duniani. Mwaka mmoja wa nuru ni safari ambayo mwanga huimaliza kwa mwaka mzima, na mwanga huenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Meli yao inaushinda mwanga kwa mwendo, na hata hivyo ingewachukua miaka 75 kufika nyumbani.

Sasa, Baba, sikiliza lililonifunga kwake. Mtambo ule uliowatupa ungeweza pia kuwarudisha. Lakini mwenye mtambo alikuwa anakufa, na katika sayari ya jirani walikuwapo watu wanyonge, Waokampa, waliokuwa wakimtegemea yeye kwa ulinzi na riziki. Kama mtambo ungeangukia mikononi mwa maadui waliokuwa wakiunyemelea, Waokampa wangekwisha. Janeway akaamuru mtambo ulipuliwe, na kwa amri hiyo akaifunga njia ya kurudi kwao, yeye na watu wake wote. Palikuwa na waasi ndani ya meli, watu aliotumwa kuwakamata, nao wakajikuta wamekwama pamoja naye. Mmoja wao akauliza kwa hasira huyu mwanamke ni nani hata awaamulie watu wote. Kiongozi wa waasi wenyewe ndiye aliyemjibu kwamba huyo ndiye nahodha.

Nilipoiona sehemu hiyo mara ya kwanza nilikukumbuka pale Nansio. Nilikuwa na miaka 11, tulikuwa tunarudi Mwanza baada ya msiba wa Bibi, na boti yako ilikuwa imekwisha kupakiwa abiria na magunia ya machungwa. Ulisimama gatini, ukatazama ziwa kwa muda mrefu huku mkono mmoja umeuweka juu ya nguzo, kisha ukasema hatuondoki. Yule bwana mwenye sangara alikutukana mbele yangu, kwa kuwa barafu yake ilikuwa inayeyuka na maji mekundu yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye masanduku yake. Ukatoa fedha mfukoni ukamrudishia nauli, ukamwambia, "Nimeamua mimi." Tukalala ufukweni. Na upepo wenyewe haukuja kwa nguvu uliyoitegemea. Asubuhi ziwa lilikuwa limetulia kama mkeka, na yule bwana akarudi kukuambia kwamba umemtia hasara bure. Hukujitetea hata kwa neno moja. Ulihesabu watu, ukahakikisha kila mmoja amevaa boya, ukawasha injini. Nilikuwa nimekukasirikia tangu jana yake, kwa sababu siku hiyo nilitakiwa shuleni, na sikumbuki kama niliwahi kukuomba radhi. Naomba radhi sasa.

Janeway naye hakupata kujua kama aliamua sawasawa. Hilo ndilo linalonifanya nimheshimu kuliko manahodha wengine wa tamthilia hizo, ambao mara nyingi kisa kinapokwisha huonekana wazi kwamba walikuwa na haki. Yeye anaishi na uamuzi ule kwa miaka saba. Ukitaka kuona uzito wake, kiko kisa cha mwanzo wa msimu wa 5 ambamo meli inavuka eneo lisilo na nyota hata moja, safari ya miezi mingi gizani. Nahodha anajifungia chumbani mwake, taa zimezimwa, hataki kuonana na mtu. Anapokubali kuzungumza na msaidizi wake, anakiri kwamba kila akiutazama ule uamuzi wa siku ya kwanza anaona aliwahukumu watu wake kwa kosa lake yeye. Uliwahi kuniambia kwamba usiku uliokutisha zaidi ziwani haukuwa wa mawimbi, ulikuwa ule ambao ulitazama pande zote usione hata karabai moja ya wavuvi wa dagaa. Nilipokuwa mgeni hapa, nikitoka zamu ya usiku na kuikuta asubuhi bado giza, nilielewa maneno yako na nikamwelewa na Janeway. Mwishoni mwa kisa hicho anapanga kubaki nyuma peke yake, aizibe njia yenye hatari baada ya meli kupita salama, ili watu wake waendelee na safari bila yeye. Anawapa amri hiyo wakiwa kazini mwao, nao mmoja baada ya mwingine wanakataa kuitii. Uso wake wakati ule, Baba, natamani ningeweza kukuonyesha.

Sipendi udhani kwamba ni mtu wa huzuni tu. Kabla ya kuwa nahodha alikuwa mwanasayansi, na akiona jambo geni angani, macho yanamng'aa kama mtoto. Hukunja mikono ya shati akaingia chumba cha injini pamoja na mafundi. Fundi wake mkuu, B'Elanna Torres, alimtoa miongoni mwa wale wale waasi, binti aliyekuwa ametoka kumvunja pua mwenzake, kwa sababu tu aliona kwamba anaijua injini kuliko wengine. Meli ile haina bandari ya kukimbilia wala mahali pa kuagiza vipuri, na wewe unaelewa maana yake: MV Victoria iliundwa hapa hapa Glasgow, ikapelekwa vipande vipande hadi Kisumu ikaunganishwa, ikaanza kazi 1961, na bado tuliishuhudia ikikaa miaka bila kusafiri hadi ilipotengenezwa na kurudi majini 2020. Voyager yote inatengenezwa njiani na mikono ya watu wake.

Anapenda kahawa nyeusi kupita kiasi. Nishati ya meli inapopungua, anaacha kujitengenezea kahawa kwa mtambo ili awe mfano kwa wengine, na anaitamani waziwazi. Mwaka 2015 mwanaanga wa Kiitalia, Samantha Cristoforetti, alipokunywa kahawa ya kwanza ya espresso iliyopikwa katika kituo cha anga cha kimataifa, alivaa sare ya meli hiyo na kuukumbuka msemo wa Janeway kuhusu kahawa. Mwambie Zawadi hilo, maana anasema fizikia ya kidato cha tatu inamshinda. Na katika mji wa Bloomington, jimbo la Indiana, ambako hadithi inasema ndiko Janeway atakakozaliwa, walizindua sanamu yake 2022. Mtu bado hajazaliwa na tayari ana sanamu kwao.

Lakini kisa ninachokirudia zaidi ni cha barua. Katika msimu wa 4, baada ya zaidi ya miaka mitatu ya ukimya, wanagundua mitambo ya kale ya mawasiliano iliyotapakaa angani, na kupitia hiyo zinawafikia barua kutoka nyumbani. Zinakuja kidogo kidogo, nyingine zimekatika, na mpishi wa meli, Neelix, anazipeleka mkononi kwa wenyewe kama tarishi. Kijana Harry Kim anazunguka akiulizia yake mpaka unamwonea huruma. Tuvok, mlinzi mkuu, anafahamu kwamba amekuwa babu. Msaidizi wa nahodha, yule aliyekuwa kiongozi wa waasi, anapata habari kwamba waasi wenzake aliowaacha wameuawa karibu wote. Na nahodha anapata barua ya mchumba wake, Mark. Anamwandikia habari za mbwa wake, kwamba alizaa na watoto wake wamepata watu wa kuwalea; kisha anamweleza kwamba alingoja kuliko watu wengi walivyongoja, akakata tamaa, na sasa ameoa. Janeway anaikunja habari hiyo moyoni na kurudi kwenye kazi, kwa kuwa bado kuna watu wanaosubiri barua zao na wenye mitambo ile wamekuja kwa shari. Mama anajua kwa nini sehemu hiyo inanigusa. Sitaandika zaidi ya hapo.

Baadaye, katika msimu wa mwisho, wanapata njia ya kuzungumza na nyumbani ana kwa ana, dakika chache tu kwa siku. Wanapiga kura ya nani atangulie, na kila mtu anapewa dakika 3. Harry Kim anazimaliza zake mama yake akiwa bado ana mengi ya kumuuliza. Wiki ile nilipokitazama, mtandao wa huko kwetu ulikuwa umesumbua siku nne mfululizo, na nilikuwa na jambo la kumwambia Mama ambalo lilihitaji dakika moja tu.

Liko pia jambo ambalo sikubaliani naye, na ningependa uniamulie. Kwa ajali ya mtambo, Tuvok na Neelix wanaunganika na kuwa mtu mmoja, mpya kabisa, mwenye akili na moyo wake, aitwaye Tuvix. Anaishi nao kwa majuma kadhaa na wanampenda. Kisha njia ya kuwatenganisha inapatikana, naye anakataa, anaomba aachwe aishi. Daktari wa meli anasema hawezi kumwondolea uhai mtu asiyetaka, na anakataa kuifanya kazi hiyo. Janeway anaifanya mwenyewe, kwa mkono wake. Wale wawili wanarudi, yeye anatoka mle chumbani na kupita kwenye ujia akiwa peke yake, na hapo kisa kinaisha bila neno. Mimi ni muuguzi, Baba. Kila siku ninawahudumia wazee ambao wengine wameshindwa hata kuyataja majina yao, na siwezi kukubali kwamba mtu anayesema nataka kuishi akataliwe kwa ajili ya mwingine yeyote. Naamini alikosea. Lakini hakumwamuru daktari aliyekataa, wala hakumtuma kijana mdogo afanye halafu yeye akae mbali, na kwa hilo siwezi kuacha kumheshimu. Ni bibi mmoja katika nyumba hii ya wazee aliyenionyesha tamthilia hii kwa mara ya kwanza, na tulibishana juu ya Tuvix majira yote ya baridi. Alikuwa upande wa nahodha.

Wewe umewahi kubeba watu ziwani kwa miaka zaidi ya 30, na sasa daraja la Kigongo hadi Busisi limefunguliwa, vijana wanavuka kwa pikipiki bila kumfikiria nahodha. Nataka kusikia kwako: ungewatenganisha? Na lile la mtambo, ungelipua? Usinijibu kwa simu haraka haraka. Mwambie Zawadi akuandikie huku ukimsimulia, hata kurasa mbili zitanitosha, kisha ampe dada yake Mama Kulwa anayekuja huku Februari.

Yeye pia naomba umpe kilo moja ya kahawa ya Bukoba, ile iliyokaangwa sana.

Msalimie Mama, mwambie dawa ya mguu nimeipata na itakuja pamoja na miwani yako. Wasalimie majirani wote, na Mzee wa dagaa pale Mwaloni.

Ni mimi binti yako mpenzi,
Neema