Ndege wa majini hawahitaji kurushwa ili waonekane

Ndugu Mhariri,

Kuna mtindo umezoeleka katika hifadhi za taifa: gari linafika ukingoni mwa ziwa, mtu anapiga honi au makofi ili ndege waruke apate picha. Anachopata ni migongo na mabawa yanayokwenda mbali. Ndege aliyekuwa akiatamia huacha mayai juani, na kunguru hawakawii. Bata wengi nao hunyonyoka manyoya yote ya kurukia kwa mpigo mmoja. Kwa wiki tatu au nne hawawezi kuruka hata wakitishwa vipi.

Anayetaka kuwaona afike asubuhi, jua likiwa mgongoni. Ukilielekea jua, hata yangeyange mweupe huwa kivuli cheusi. Mchana mazigazi hupanda juu ya tope na picha ndani ya darubini hucheza, usiilaumu lenzi. Zima injini, kwa sababu mtikisiko wake huharibu picha vilevile, na baki ndani ya gari. Umbo la mtu huwatisha ndege kuliko gari lililosimama. Kisha tulia. Walio kwenye matete hutoka wenyewe, ila si ndani ya dakika mbili.

Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inatosha kabisa. Wanaolalamika kwamba haioni vizuri mara nyingi hawajairekebisha. Ziba lenzi ya kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Halafu ziba ya kushoto, tazama kitu kilekile, uzungushe pete ya jicho la kulia. Baada ya hapo unagusa gurudumu la kati tu. Mwenye miwani ashushe vikombe vya mpira vilivyo upande wa macho, la sivyo ataona kiduara kidogo tu.

Rangi peke yake hudanganya, maana ndege weupe ni wengi. Tazama mdomo, miguu na namna anavyokula. Yangeyange mdogo ana mdomo na miguu myeusi, lakini vidole ni vya njano. Ngoja atikise mguu kwenye tope kuwafurusha samaki, kisha aunyanyue: hapo utaviona. Yangeyange mkubwa vidole vyake ni vyeusi. Heroe mkubwa ana mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Wa heroe mdogo ni mwekundu wa kukolea karibu wote. Angani, yangeyange hukunja shingo, korongo wengi na heroe huinyoosha.

Waongozaji wa wageni nao wajue mpaka ulipo, hata kama mteja anataka kusogea zaidi. Ndege wakiacha kula, wakanyanyua vichwa wote na kuanza kutembea upande mmoja, gari limekaribia mno. Lirudi nyuma polepole, wangali chini.

Mpenzi wa ndege