Michoro ya Ulaya isomwe kwanza, ndipo ichongwe

Mhariri,

Nachonga milango na vitanda hapa Kibokoni. Siku hizi wateja huja na picha kwenye simu: majani yaliyojiviringa, vikapu vya maua, vitoto vyenye mabawa. Ni michoro ya Ulaya ya enzi ya baroko, mtindo wa mapambo tele. Wakongwe wa kazi hii wananung'unika kuwa tunawaiga Wazungu. Mimi na kuiga hatuna ugomvi, maana karatasi zile zilichapwa ziigwe. Karne ya 17 michoro ya Jean Bérain, mbunifu wa mapambo wa Paris, ilichongwa kwenye mabamba ya shaba, ikapigwa chapa, ikauzwa. Hata wafinyanzi wa Moustiers, kusini mwa Ufaransa, waliipaka kwenye sahani zao. Daniel Marot, mbunifu Mfaransa Mprotestanti aliyehamia Uholanzi baada ya Mfalme Louis XIV kuwafutia Waprotestanti uhuru wa dini mwaka 1685, alikwenda na mtindo huo, ukafika hadi Uingereza.

Shida ni kuiga bila kusoma. Mingi ya michoro hiyo ina nusu mbili zisizofanana. Kushoto jani, kulia ua. Mchoraji alikuwa anampa mteja nafasi ya kuchagua; fundi huchukua nusu moja, akaigeuza upande wa pili. Nimeona kichwa cha kitanda kilichokatwa kwa mashine ya kompyuta, nusu zote mbili kama zilivyo! Mwenyewe kaambiwa ndio usanii, na pesa kalipa.

Tena ile mistari myembamba ni kivuli cha mchoraji, si mishipa ya jani. Kwenye ubao kivuli huletwa na kina cha patasi, na jani la namna ile linataka ubao mnene. Ukilichonga kijuujuu linalala kama limekanyagwa. Kwenye mbambakofi, ambao ni mti mgumu, andaa na jiwe la kunolea.

Ombi langu kwa wanaoutunza Mji wa Kale: nakshi za milango yetu nazo zinakiliwe kwa vipimo, zichapwe, ziuzwe kwa bei ya fundi. Kijana wa Majengo apate mfaa, ule mwimo wa kati wa mlango, wa mtaa wa Ndia Kuu kwenye karatasi, kama seremala wa London alivyoupata mkono wa Marot. Tuanze na mifaa tu, vizingiti vya juu vitafuata. Kunakili nitajitolea mwenyewe, mradi wenye nyumba waniruhusu kuweka ngazi mlangoni.

Mchonga nakshi,
Kibokoni, Mombasa