Kakangu, lile kasha halikuwa lako peke yako

Assalaam alaykum kakangu,

Shangazi kaniambia unanitangaza mwizi. Nakuandikia hapa kwa sababu ukiona jina langu kwenye simu husomi, na hapa angalau wanao watakusomea.

Ni kweli, chuo cha Babu, kile kitabu chake cha kuandikwa kwa mkono, kiko kwangu. Nilikichukua siku tatu baada ya arobaini ya Mama, nikakifunga kwa kanga yake, nikapanda matatu nikaenda zangu. Sikukuomba ruhusa. Ningekuomba vipi, na mimi ndiye niliyeshika tochi usiku ule?

Stima zilikuwa zimepotea. Watu wa hitima walikuwa bado juu wanamalizia kahawa. Yule bwana wako, mnunuzi, alipiga magoti kando ya kasha la vyuo, na hakusoma hata mstari mmoja. Alikuwa akifunua tu, akitafuta rangi. Alipofika kwenye ile kasida yenye ukingo wa wino mwekundu na maua meusi pembeni, akatoa wembe. Nilisikia karatasi ikikatika, polepole, kama doti ya kanga inapotenganishwa. Wewe ulikuwa unahesabu noti.

Nyuma ya karatasi ile, pambizoni, Babu aliandika siku aliyozaliwa Mama. Kwa herufi za Kiarabu na maneno ya Kiswahili: mwezi, siku, saa, na mvua iliyokuwa ikinyesha. Leo iko kwenye fremu nyumbani kwa mtu, na upande wa Mama umeelekezwa ukutani.

Nilinyamaza kwa heshima ya hitima, na kwa kuwa wewe ndiye mkubwa. Usiseme nilikubali.

Unasema karatasi zimepitwa na wakati, siku hizi kila kitu kinapigwa picha. Kaka, kazi yangu ni maktaba, na picha sizipingi. Vyuo vya Msikiti wa Riyadha kule Lamu vilipigwa picha kwa mradi wa Maktaba ya Uingereza, na ni kazi njema sana: aliye mbali akapata kuvisoma, vyenyewe vikabaki kwao. Lakini Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia maktaba ile, na kwa miezi mingi hazina zake za kidijitali hazikufunguka. Vyuo vingekuwa vimeuzwa, tungebaki kungojea kompyuta za London zipone.

Halafu picha ya karatasi ile iliyokatwa ninayo, ya upande wa mbele tu, niliyoipiga mbiombio mchana wa siku ile. Siku nyingine ukija, tuinue karatasi moja ya chuo kile dirishani. Utaona hilali tatu, miezi michanga, ndani ya karatasi yenyewe, alama ya karatasi za Italia zilizofika pwani hii kwa biashara. Kwenye simu yangu hilali hazionekani.

Ukanitupia na Muyaka, yule mshairi wetu wa kale wa Mombasa: si Wazungu ndio waliomhifadhi? Mashairi yake yalikusanywa na Mwalimu Sikujua, mtu wa hapa hapa Mombasa, ndipo Taylor, yule mmisionari Mwingereza, akayapeleka Uingereza. Karatasi hizo leo ziko chuo kikuu cha SOAS, London, na diwani ikaja kuchapwa Johannesburg mwaka 1940. Bila Sikujua, Taylor angebeba nini? Na yale magazeti ya Al-Islah ya 1932, ya Sheikh Al-Amin Mazrui, ambayo Babu alifungia vyuo vyake, wewe uliyatia kwenye gunia la taka. Niliyakuta yameloa.

Kama umebakiwa na chochote, tafadhali usikitie kwenye mfuko wa plastiki, kwa joto letu hili kitaota ukungu. Usikiunge kwa selotepu, gundi yake inageuka manjano na kuila karatasi. Kifunge kwa kitambaa cha pamba, kiweke mbali na ukuta na sakafu, mchwa usikifikie. Na yule bwana usimpe tena. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inataka kibali kabla kitu cha kale hakijatoka nchini, na sidhani kama yeye aliwahi kuomba.

Mimi nataka chuo cha Babu tukiweke wakfu kwa jina la Mama, papa hapa mjini, mahali penye mtu wa kukitunza na meza ya kukisomea. Sahihi yako inahitajika, ndiyo maana nakubembeleza. Pesa sitaki hata shilingi. Mwizi huficha alichoiba, mimi nimekitaja mbele ya kila mtu.

Nakukumbuka ulivyokuwa ukinibeba mgongoni tukitoka chuoni, mvua ya masika imejaa njiani. Sijasahau hilo pia.

Jana usiku nilikifungua. Unajua waandishi wa zamani, chini ya ukurasa huandika neno litakaloanza ukurasa wa pili, ili karatasi zisichanganyike. Pale kabla ya mkato wa wembe, pembeni chini, limeandikwa «Ewe». Ukurasa unaofuata unaanza na neno jingine.